Muulize Mama Darubini: Kupe, Homa na Ile Painti ya Damu

Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu hapa, moja, nikasema kwamba siku hizi huko Marekani damu inapimwa ugonjwa wa kupe kabla haijapewa mgonjwa. Nilikuwa nimeitupia tu pale mwisho ya kujaza nafasi. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yameingia kutoka Njoro mpaka Bondo, mengine ni ya sauti, dakika 4 nzima na jogoo anawika nyuma, na mmoja wenu amenitumia kitu kwa matatu nitakitaja baadaye. Kwa wageni: mimi ni mtu wa maabara, miaka 28 nimeinamia darubini, kwanza Kisumu halafu Nakuru, sasa nimestaafu. Mimi si daktari, kwa hivyo nikikuambia nenda hospitali, jameni nenda.

*Salamu Mama Darubini. Niko na ng'ombe 6 hapa Njoro na kila mwaka hutoa damu zile siku wanakuja kanisani kwetu. Sasa mpwa wangu ako Massachusetts, alienda kutoa damu huko akaambiwa amepatikana na kitu cha kupe na asirudi mpaka miaka 2 iishe, na hata hakuwa mgonjwa, alikuwa anafanya kazi kama kawaida. Mama, mimi kupe wameniuma tangu nikiwa mtoto, hata sihesabu. Nimekuwa nikipea watu magonjwa miaka hii yote? — Mfugaji, Njoro*

Baba, kaa chini kwanza ukunywe chai, hujaua mtu.

Hicho kitu cha mpwa wako kinaitwa babesia. Ni kimelea kidogo sana kinachoingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuzaana humo, vile malaria hufanya, hata ukikiweka kwa slaidi mtu asiye na uzoefu ataapa ni malaria. Na wewe mfugaji jamaa yake unamjua tangu zamani, si ile ng'ombe akikojoa mkojo mwekundu? Ndio hiyo, ile ya ng'ombe ni Babesia bigemina. Daktari wa Romania anaitwa Victor Babes ndiye aliyeona hivi vidudu kwa damu ya ng'ombe 1888, ndio vikapewa jina lake, halafu 1893 Theobald Smith na Kilborne huko Marekani wakaonyesha kwamba kupe ndiye anayebeba huo ugonjwa kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Hiyo ndiyo mara ya kwanza watu wa sayansi kuthibitisha kwamba mdudu anayeuma anaweza kusambaza ugonjwa wa aina hii, na ilikuwa miaka 4 kabla ya daktari Ronald Ross kuona malaria ndani ya mbu. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi hii kwa sababu watu hudharau sana magonjwa ya ng'ombe.

Kwa binadamu ilichelewa kuonekana. Mtu wa kwanza kuandikwa alikuwa karibu na Zagreb, huko Ulaya, 1957, hakuwa na bandama, kile kichungi cha damu mwilini, na alikufa. Halafu 1969 ikapatikana kwa mtu kwenye kisiwa cha Nantucket, huko huko Massachusetts kwa mpwa wako, huyo alikuwa na bandama yake nzima, ndipo watu wakashtuka kwamba kumbe hata mzima anaweza kuupata. Ya kwao ni Babesia microti. Inakaa kwa panya wa porini, inabebwa na kupe wa kulungu, na yule kupe mchanga anayeuma watu sana ni kadogo kama mbegu ya terere. Unaweza kumwona? Huwezi. Ndiyo maana wengi hawajui hata waliumwa lini.

Sasa ya damu iko hivi. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kubeba babesia miezi mingi, hata kupita mwaka, na asisikie chochote, anaenda kazi, anacheza mpira, anaenda kutoa damu akiwa mzuri kabisa, joto sawa, presha sawa, kiwango cha damu sawa. Ile painti inawekwa kwa friji na babesia hajali friji, anakaa humo ndani ya chembe nyekundu wiki baada ya wiki akingoja. Halafu nani anapewa damu? Si wewe mwenye afya. Ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ni mzee, ni mtu wa saratani, ni mtu asiye na bandama, yaani wale wale ambao babesia anaweza kuua. Kutoka 1979 hadi 2009 walihesabu watu 162 huko Marekani waliopata babesia kwa kuongezewa damu, na hao ni wale waliojulikana tu.

Watafiti wakafanya kitu ambacho mimi kama mtu wa maabara nilikipenda sana. Kati ya 2012 na 2014 walichukua damu 89,153 kutoka majimbo ya Connecticut, Massachusetts, Minnesota na Wisconsin wakaipima yote babesia. Zilizopatikana na dalili ya babesia zilikuwa 335. Ukipiga hesabu hata nusu ya asilimia 1 haifiki, utasema ni kidogo, lakini sikia hii: kati ya damu zilizopimwa zikaonekana safi hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepata babesia, na zile za majimbo hayo ambazo hazikupimwa zilileta wagonjwa 14. Mwaka wa 2019 mamlaka yao ya dawa na chakula ikatoa mwongozo kwamba majimbo 14 pamoja na jiji la Washington wapime kila damu inayotolewa, na anayepatikana nayo asimame angalau miaka 2. Ndio hiyo miaka 2 ya mpwa wako. Mwambie asikasirike, amesaidia mtu asiyemjua.

Na kipimo chenyewe kina ujanja wake. Virusi vya ukimwi unavitafuta kwa yale maji ya damu, lakini babesia amejificha ndani ya chembe, kwa hivyo lazima kwanza upasue chembe nyekundu ndipo utafute vinasaba vyake. Ukitumia maji ya juu tu utamkosa ukiwa umemshika mkononi.

Haya, turudi Njoro. Kupe wa mpwa wako ni wa kule Amerika Kaskazini, hawa wako ni wengine, wale wa masikioni wanaoleta ndigana kali na ndugu zao. Ile ndigana ni ugonjwa wa ng'ombe na hivyo hivyo ule mkojo mwekundu, na hapa kwetu damu ikitolewa inapimwa ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, vipimo vinne hivyo, hakuna cha babesia. Kwa hivyo kwa swali lako la ng'ombe 6 na kupe wa tangu utotoni, endelea kutoa damu.

Lakini baba kuna jambo moja nataka tuongee polepole. Ile fomu unayojaza kabla ya sindano, kuna mahali wanauliza kama umekuwa na homa, kama umekunywa dawa siku hizi. Wewe huandika nini? Nauliza kwa sababu watu wetu wengi wakiulizwa homa wanasema hapana, na juzi tu walikunywa dawa ya malaria, kwa sababu kwao hiyo si homa, hiyo ni "ile kawaida".

Nitakupa kisa changu na sijivunii. Miaka mingi imepita, tulikuwa kwa kambi ya kutoa damu, laini ndefu, na kipimajoto chetu betri imekufa tangu asubuhi. Akaja kijana, ndugu yake alikuwa anangoja kupasuliwa siku hiyo hiyo. Nilipofunga ule mpira kwa mkono wake nikasikia ngozi ina moto. Nikamuuliza, akasema ni jua mama, nimetembea kutoka Kondele. Na kweli jua lilikuwa kali, na laini ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa nimechoka, nikadunga. Damu ikajaa vizuri, tukampa soda, akaenda. Jioni tumepanga mapaketi nikaona ile namba yake na roho ikakataa kabisa, nikachukua ile chupa ndogo ya kupimia nikatandaza slaidi, nikaipaka rangi, nikangoja. Pete. Karibu kila nikisogeza slaidi naona pete nyingine, malaria safi kabisa. Ile painti tuliitoa haikufika wodi, lakini ilitolewa kwa sababu ya moto niliousikia kwa kidole saa nne asubuhi nikaupuuza, hakuna mashine iliyoniambia. Kijana hakuwa mwongo hivyo, alikuwa na ndugu kwa kitanda. Mimi ndiye nilipaswa kumwambia arudi nyumbani.

Kwa hivyo baba, ukiwa umepata homa, au umetoa kupe kwa mwili wako wiki hizi na hujisikii vizuri, sema. Watakwambia urudi siku nyingine, na hiyo siku nyingine kanisa bado litakuwa hapo.

*Mama habari. Mimi ni wa Bondo lakini mamangu ako Asembo. Alishikwa na homa, kichwa kikauma sana, tukamnunulia dawa ya malaria kwa kemisti, ikaisha, homa ikabaki, tukanunua tena. Mara ya tatu ndio tulienda hospitali wakapima, malaria hakuna. Nyuma ya goti ako na kidonda cheusi kama kimechomwa na sigara. Anasema ni kupe wa mbuzi. Ni nini? — Binti, Bondo*

Binti yangu, hicho kidonda cheusi kisipigwe picha tu kikasahaulika, kionyeshwe daktari. Usiposema kuhusu nyuma ya goti, daktari hatainama kuangalia nyuma ya goti, wodi imejaa.

Kuna homa inaitwa homa ya kupe ya Afrika. Inaletwa na bakteria wa jamii ya riketsia, huyu anaitwa Rickettsia africae. Wiki moja hivi baada ya kuumwa unapata homa, kichwa, misuli inauma, mitoki inavimba, na pale kupe alipong'ata panakuwa na doa jeusi kavu na wekundu kuzunguka, na wakati mwingine madoa ni zaidi ya moja kwa sababu hao kupe huvamia kwa pamoja. Wengi hupona lakini wanateseka bure, kwa sababu dawa ya malaria haigusi riketsia hata kidogo, unaweza kumeza pakiti kumi. Dawa yake ipo, ni ya bei ya chini, ni ile doksi (doksisaiklini), lakini iandikwe na daktari baada ya kumwona mama.

Na usidhani mamako ameokota kitu cha ajabu. Hapo hapo Asembo watafiti walitoa kupe kwa mifugo wakawapima, matokeo yakachapishwa 2014, na hao kupe wa rangi rangi, Amblyomma variegatum, wengi sana walikuwa wamebeba Rickettsia africae. Hata kuna riketsia mwingine aliyepatikana kwa viroboto huko kwenu akapewa jina la mahali, Rickettsia asembonensis. Yaani dunia nzima watu wa maabara wanasema jina la Asembo kila siku na nyinyi wenyewe pale sokoni hamjui. Mwambie mama, labda atacheka kidogo.

Kuhusu kutoa damu, hukuuliza lakini nakuambia: mama asitoe mpaka apone kabisa na amalize dawa. Na hiyo tabia ya kununua dawa ya malaria mara tatu bila kupimwa, binti, tukikutana nitakushika sikio. Kile kipimo cha mistari ni dakika 20.

*Mama Darubini, mtoto wangu ana selimundu, miaka 7, ameongezewa damu mara nne hapa Kisumu. Nilisoma ile sentensi yako ya kupe nikakosa usingizi. Anapewa damu ya watu wasiojulikana. Nifanye nini? — Mama wa selimundu, Kisumu*

Dada yangu, pole, hiyo sentensi nimeijutia kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyefanya nikaandika ukurasa mzima.

Nikuambie ukweli wote. Mtoto wa selimundu bandama yake huwa imechoka mapema, haifanyi kazi, na bandama ndiyo kichungi kinachotoa chembe zenye vimelea kwa damu. Ndiyo maana huko Marekani watu wa selimundu ni kati ya wale wanaoogopewa zaidi wakipata babesia ya damu. Kwako hapa adui ni malaria. Kanda ya ziwa malaria iko, na anayetoa damu anaweza kuwa nayo kidogo kidogo bila kujua kwa sababu mwili wake umezoea, na vimelea vinaweza kuvumilia siku kadhaa kwa friji, hata wiki.

Usiogope damu yenyewe. Mtoto akihitaji damu na asiipate, hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote nilizotaja hapa. Fanya hivi tu: nunua daftari la shilingi chache, kila akiongezewa andika tarehe, hospitali na namba ya ile paketi, ipo kwa stika, mwombe nesi akusomee. Akipata homa ndani ya miezi miwili inayofuata, usiseme tu "mtoto ana homa", sema "mtoto ana selimundu na aliongezewa damu tarehe fulani", na uombe apimwe malaria siku hiyo hiyo, na wakiona vimelea kwa slaidi lakini daktari anasema hii haifanani vizuri na malaria, waache waangalie vizuri. Malaria huacha uchafu wa kahawia ndani ya chembe, babesia haachi, na mara moja moja babesia hukaa wanne pamoja kama msalaba. Mimi msalaba huo nimeuona kwa picha za mafunzo tu, lakini ukiuona mara moja hausahau.

Ile dawa yake ya kila siku ya kuzuia malaria na chanjo zake, na penisilini kama daktari alimwandikia, visikatike hata mkienda ushago Krismasi. Hasa mkienda ushago Krismasi. Na dada, hao watu wasiojulikana unaowaogopa, mmoja wao ni yule mzee wa Njoro hapo juu.

*Mimi ni wa buchari Kakamega. Kupe wakianguka kutoka kwa ngozi ya ng'ombe tunawaponda kwa kucha ama kwa vidole. Kuna shida? — Mchinjaji*

Iko. Acha leo. Kuna homa moja kali inaitwa homa ya Kongo na Crimea, virusi vyake hubebwa na kupe na pia vinakaa kwa damu ya mnyama ambaye unamwona mzima kabisa, hana dalili. Binadamu anaupata akiumwa na kupe, akimponda, au akigusa damu mbichi ya mnyama akiwa na mkwaruzo kwa mkono. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Kenya alikuwa huku huku magharibi mwaka 2000, na alikufa. Si ugonjwa wa kila siku, usifunge buchari, lakini vaa glavu, kupe mtumbukize kwa maji yenye dawa ama spiriti, na ukipata homa ya ghafla na kutokwa damu mahali usipoelewa, kimbia hospitali na useme kazi yako ni gani. Na ukiwa na homa usiende kutoa damu, wala usiwaambie watu wa maabara "nipimeni tu", waambie kwanza wewe ni mchinjaji, wajikinge.

*Ati papasi na kupe ni kitu kimoja? Nyanya yangu anasema zamani watu walikuwa wanaugua papasi wakilala nyumba za watu safarini. — Kijana wa Langa Langa, Nakuru*

Nyanya yako ana akili kuliko gugo. Ni ndugu lakini si mmoja. Kupe wa ng'ombe anajishikilia siku nyingi, unamwona amevimba kama haragwe. Papasi ana ngozi laini, anakaa kwa nyufa za sakafu ya udongo na kuta, anatoka usiku, anakunywa damu dakika chache na kurudi zake kabla hujaamka. Kwa hivyo hata hujui umeumwa. Anabeba bakteria wa umbo la mzunguko kama springi, na homa yake ina tabia ya kuudhi: inakuja siku kadhaa, inaondoka kabisa unaanza kufua nguo ukidhani umepona, halafu inarudi, inaondoka, inarudi. Daktari Dutton alikwenda Kongo na mwenzake Todd kuisoma, wote wakaugua, Dutton akafa huko 1905, na bakteria mwenyewe akapewa jina lake, Borrelia duttonii. Hiyo homa inaweza kupita kwa damu pia, kwa sababu wakati wa joto kali bakteria wako wengi kwa damu mpaka unawaona kwa slaidi wakijinyonganyonga. Nyumba za simiti zimepunguza papasi sana. Nyanya akisema amelala safarini, muulize wapi, na unirudishie jibu kwa sababu nakusanya.

*Nikikula nyama ya ng'ombe aliyekufa na ndigana nitapata? — Molo*

Ndigana yenyewe hapana, haishiki binadamu. Lakini kwani mnakula ng'ombe aliyejifia? Huyo mnyama ana mambo mengine mnayojua na msiyojua, na kama alidungwa dawa jana mnakula dawa pia. Zikeni. Na mpeleke hao wengine chanjo, ile ya ndigana kali ilitengenezwa hapa hapa kwetu Muguga, hatuna sababu ya kuikosa.

*Mama, na ule ugonjwa mwingine wa kupe wa wazungu, Lyme, unapita kwa damu? Na ukipata kupe kwa mwili unatoaje, mafuta ya taa ama kiberiti? — Mwalimu, Nyahururu Road*

Mwalimu, ya Lyme ni ya kushangaza. Bakteria wake anaweza kuishi kwa damu iliyowekwa, hilo limejaribiwa maabara, na bado hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kuupata kwa kuongezewa damu. Kumbe kuwa ndani ya damu na kupita kwa damu ni vitu viwili. Babesia anapita sana, Lyme hajaonekana akipita. Kuna bakteria mwingine wa kupe anaitwa anaplasma, yule wa binadamu, yeye amepita mara chache, anakaa kwa chembe nyeupe, kwa hivyo damu ikichujwa chembe nyeupe hatari inapungua lakini haiishi.

Ya pili: weka chini hicho kiberiti. Mafuta ya taa, moto, vaselini, sabuni, vyote vinamsumbua kupe anatapika yaliyo tumboni mwake ndani yako. Chukua kibano chembamba, cha nyusi kinafaa, mshike karibu kabisa na ngozi pale mdomo ulipoingia, si kwa tumbo, halafu vuta juu polepole bila kuzungusha, bila kurusha kwa nguvu. Unasikia ngozi inainuka kama hema dogo, usiogope, endelea, anaachia. Mdomo kidogo ukibaki ngozi itautoa yenyewe. Osha kwa sabuni, paka spiriti, andika tarehe kwa kalenda ya ukutani. Homa ikija ndani ya wiki mbili unaenda na hiyo tarehe.

*Mama nimekutumia kupe kwa kiberiti kupitia dereva wa matatu ya Naivasha, uniambie ni yupi. — Msomaji wako wa kila mwezi*

Amefika. Dereva hakujua amebeba nini na sikumwambia. Alikuwa amekauka, mguu mmoja umevunjika, lakini kwa lenzi bado anaonekana vizuri, mgongo una michoro ya dhahabu na mweusi, miguu ina pete nyeupe, mdomo mrefu. Ni Amblyomma, dume, yule yule wa mama wa Asembo. Hukuniambia umemtoa wapi. Kama ni kwa mbwa au ng'ombe, nyunyiza dawa na uangalie na wengine. Kama ni kwa mwili wako, nitumie ujumbe leo, uniambie siku gani na kama una homa. Na mwingine usimtume, piga picha.